Kuendesha kwaya ya mtaa Dar es Salaam: kuanzia mazoezi ya kwanza hadi onesho la Desemba

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye wazo la kuanzisha kwaya isiyo ya kanisa wala ya ofisi: watu wa mtaa mmoja au mitaa jirani, Waislamu kwa Wakristo, mama lishe kwa mhasibu, wanaokutana mara moja kwa wiki na kutoa maonesho matatu kwa mwaka. Waimbaji wapo tele. Yuko aliyeimba kwenye UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, akiwa darasa la sita, yuko aliyepitia kwaya ya JKT, yuko aliyeacha kwaya ya kanisani alipohamia Mbagala na hajajiunga na nyingine mpaka leo. Kuwapata ni kazi ya wiki mbili. Ngumu ni kuwa nao bado mwezi wa tano, mvua inanyesha, Jangwani pamejaa maji na nauli imeisha.

Ndiyo maana naanza na kalenda. Kwaya nyingi zinazokufa hapa mjini hazifi kwa kukosa sauti, zinakufa kwa ratiba mbaya.

Weka tarehe za maonesho kwanza

Chukua kalenda ya mwaka mzima na ufute siku zisizowezekana. Kwaresima na Pasaka, wanakwaya wa makanisani hawapatikani kwako wala kwa mwenzako. Ramadhani nayo ina ratiba yake, na kwa kuwa inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kalenda ya mwaka jana haifai kunakiliwa. Masika, Machi hadi Mei, usifikirie kabisa onesho la nje. Maonesho ya Sabasaba yanaibana Barabara ya Kilwa kuanzia mwishoni mwa Juni hadi karibu katikati ya Julai. Mwaka wa uchaguzi mkuu, Agosti hadi Oktoba, viwanja na mitambo ya sauti vinakodiwa na kampeni.

Kinachobaki ni kizuri. Ningeweka onesho la kwanza Jumapili ya tatu ya Julai, kipupwe kimeingia na hata ukumbi usio na kiyoyozi unavumilika. La pili Jumapili ya mwisho ya Septemba, kabla mvua za vuli hazijaanza. La tatu Jumapili ya pili ya Desemba, wala usiisogeze mbele hata kwa wiki moja. Baada ya hapo kituo cha Magufuli pale Mbezi kinafurika watu wa Moshi, Bukoba na Mbeya wanaokwenda kula Krismasi nyumbani, na utajikuta umebaki na waimbaji wawili wa sauti ya nne, yaani besi, na ukumbi nusu.

Kwa nini Jumapili? Jumamosi ya Dar ni ya harusi. Kumbi zinachajiwa bei ya harusi, fundi mitambo amekwishachukuliwa, na robo ya wanakwaya wako wako kwenye kamati ya sendofu ya mtu. Jumapili jioni ukumbi uleule unapatikana kwa maelewano, na foleni ni ya kibinadamu. Anza saa 10:15, imba dakika 90 ukijumlisha mapumziko, maliza saa 11:45. Magharibi inaingia kati ya saa 12:15 na saa 12:50 kutegemea mwezi, kwa hiyo anayeswali anawahi na mwenye watoto anawahi.

Kutoka tarehe ya Julai rudi nyuma mpaka Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka. Hapo pana wiki 11 hadi 16, kutegemea Pasaka imeangukia wapi. Toa mbili za mafuriko, kwa sababu zitakuja tu. Zilizobaki ndizo ulizonazo, na idadi ya nyimbo ipangwe kwa hizo.

Mahali na saa za mazoezi

Darasa la shule ya msingi linatosha. Barua inapitia Serikali ya Mtaa kwenda kwa mwalimu mkuu, ikitaja siku, saa, idadi ya watu na nani ataacha darasa limefagiliwa. Peleka na boksi la chaki. Halipo kwenye utaratibu wowote, lakini linafungua milango.

Chagua shule iliyo umbali wa kutembea kutoka kituo cha mwendokasi. Magomeni ni pazuri kwa sababu mtu wa Kimara, wa Kinondoni na wa Kariakoo wote wanafika kwa gari moja. Ukichagua mahali panapohitaji daladala mbili na bodaboda, umeshawaondoa wenye kipato kidogo kabla hawajafungua mdomo, na mara nyingi hao ndio wenye sauti.

Saa: Jumapili saa 10:15 hadi saa 12 kamili. Alasiri imeswaliwa, ibada za asubuhi zimeisha na chakula cha mchana kimeshuka. Usipange Jumatano jioni. Makanisa mengi yana mazoezi katikati ya wiki na utaanza ugomvi ambao huwezi kuushinda.

Kupokea watu na kuwapanga sauti

Usifanye usaili wa kumkataza mtu. Hii ni kwaya ya mtaa. Unachofanya ni kumpanga, na hilo linataka dakika tatu kwa kila mtu, pembeni, bila wenzake kusikia.

Mwombe aimbe mistari miwili ya wimbo wa taifa, kwa kuwa kila mtu anaujua, kwa ufunguo anaouchagua mwenyewe. Sikiliza ameanzia wapi: hapo ndipo sauti yake inapopumzika. Kisha mpigie kinanda do mpaka so, apande na kushuka, ukiongeza nusu hatua kila mara hadi utakapoona shingo inakaza au kidevu kinanyanyuka. Simama hapo, rudi chini vilevile mpaka sauti igeuke pumzi tupu. Andika noti mbili, ya juu na ya chini, kwenye daftari.

Kuna mambo mawili utakayokutana nayo bila shaka. La kwanza, wanaume karibu wote watasema wao ni besi. Wengi si besi. Ni watu wa katikati ambao hawajawahi kufundishwa kwenda juu bila kupiga kelele. Chukua wenye sauti nyepesi kati yao, waweke sauti ya tatu, ile ya juu ya wanaume, na wafundishe kuimba juu kwa utulivu kabla ya kuwadai nguvu. La pili, kina mama wenye sauti kubwa watajipanga wenyewe sauti ya kwanza kwa sababu ndiyo inayobeba wimbo. Sauti kubwa si sauti ya juu. Anayeimba juu kwa kifua atachoka wimbo wa nne na kuwashusha wenzake wote. Mhamishie sauti ya pili, ile ya chini ya wanawake, kwa heshima, mwambie kweli kwamba unahitaji mtu wa kuishika.

Kwa watu 36, mgao wa 12, 10, 6 na 8 unasimama vizuri kuanzia sauti ya kwanza hadi ya nne. Sita wa sauti ya tatu wanatosha, kwa sababu sauti ya mwanaume ikiwa juu husikika kirahisi. Ukiwa na wanne tu, usilie. Chagua nyimbo za sauti tatu kwa msimu wa kwanza.

Nyimbo, na ruhusa ya kuziimba

Onesho moja la dakika 90 lenye mapumziko na maneno ya mshereheshaji linachukua nyimbo 12 za dakika nne nne, si zaidi. Msimu mzima usizidi nyimbo 18: 12 za Julai, kisha kila onesho linalofuata unatoa tatu na kuingiza tatu mpya. Walimu wengi wa kwaya wanataka kila onesho liwe jipya kabisa. Wasikilizaji hawakuombi hilo. Wanataka wimbo waliousikia Julai uimbwe vizuri zaidi Desemba.

Changanya. Weka nyimbo za makabila zilizopangiwa sauti: za Kigogo zina sauti zake nyingi tangu asili, za Kihaya na Kisukuma zinabeba ngoma vizuri. Weka mashairi ya Kiswahili yaliyotiwa muziki na mtu wenu wenyewe. Nyimbo za dini zipo na zinapendwa, lakini kwa kwaya ya mchanganyiko kaeni chini mapema mkubaliane zipi kila mtu anaziimba kwa moyo mweupe. Mwanakwaya akiona neno haliwezi kutoka kinywani mwake, anyamaze ubeti huo na asiulizwe. Andikeni hilo kwenye katiba yenu.

Haki za kazi ni jambo ambalo watu hulipuuza mpaka video ya onesho ishushwe mtandaoni. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na ofisi ya hakimiliki inayoshughulika na haya ni COSOTA. Handel alifariki mwaka 1759, kwa hiyo muziki wa Haleluya yake hauna mwenyewe tena. Lakini kama maneno ya Kiswahili mnayoimba yalitafsiriwa na mwalimu aliye hai, au mpangilio wa sauti ni wa mtu wa juzi, hiyo ni kazi yake. Mpigie simu mtunzi. Watunzi wengi wa hapa nyumbani wanafurahi kutajwa jina na kupewa kiti cha mbele. Wachache watataka fedha, nao wana haki. Pata ruhusa kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp, na uuhifadhi.

Mazoezi yenyewe

Hapa ndipo msimu unapojengwa, na hapa nitakaa kidogo.

Nyimbo 18 za kurasa tatu kwa watu 36 ni kurasa 1,944 za fotokopi. Hamna fedha hiyo, na hata mkiwa nayo, karatasi zitabaki nyumbani. Njia ya zamani bado ni bora: kila mtu na kaunta buku lake, mwalimu anaandika ubaoni kwa do-re-mi, watu wananakili. Mfumo huu aliueneza John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19, ukaingia kwetu na wamisionari, na hadi leo mwanakwaya wa Tanzania ana nafasi kubwa ya kusoma do-re-mi kuliko kusoma nota za mistari mitano. Anayenakili "d : r | m : –" kwa mkono wake anakuwa ameshahesabu kwamba mi inashikwa mapigo mawili. Asiyejua kusoma kabisa mkalishe karibu na anayejua, masikio yatafanya kazi.

Dakika 105 zigawe hivi. Kumi za mwanzo ni pumzi na kupasha sauti, na hapo ndipo wachelewaji wanaingilia, kwa hiyo usifundishe wimbo. Dakika 35 zinazofuata, watu wakiwa wabichi, ni za kipande kigumu zaidi. Kipande, si wimbo: mistari minne yenye taabu. Gawa makundi mawili, sauti ya kwanza na ya pili kule, ya tatu na ya nne huku, kila upande na kiongozi wake. Kisha maji na karanga dakika kumi. Hii usiikate, maana ndipo watu wanapojuana, na kwaya ya mtaa inaishi kwa hilo. Dakika 40 ni za kuunganisha sauti na kurudia ya wiki iliyopita. Kumi za mwisho imbeni wimbo mnaoujua, kwa raha, ili mtu aende kituoni akiwa na kitu mdomoni.

Kila kiongozi wa sauti arekodi sehemu yake kwa simu na kuituma kwenye grupu. Irekodi ubeti mmoja mmoja, chini ya dakika moja, na iitwe jina linaloeleweka: "Wimbo 3, sauti ya pili, kiitikio". Sauti ndefu ya dakika saba hakuna anayeifungua, na bando ni hela. Grupu hilo liwe la mazoezi tu. Za "asubuhi njema" zenye maua zipelekwe kwenye grupu lingine, la sivyo rekodi zitazikwa chini ya maua.

Sasa kushuka kwa sauti, ugonjwa wa kila kwaya inayoimba bila kinanda. Wimbo unaanza kwenye G, unaishia kwenye F, na hakuna anayejua ilitokea wapi. Jaribu hivi: imbeni ubeti mmoja, simama, mpiga kinanda apige do. Mkiwa mmeshuka, rudia mstari kwa mstari, kinanda kikipimwa mwisho wa kila mmoja, mpaka mwizi apatikane. Mara nyingi yuko mahali patatu. Yuko kwenye ngazi inayoshuka, mfano so-fa-mi, ambapo watu wanachukua hatua kubwa mno na mi inatua chini ya mahali pake. Yuko kwenye noti moja inayorudiwa mara nyingi, ambayo kila ikirudiwa inalegea kidogo. Na yuko mwisho wa mstari, pale pumzi inapoisha. Dawa ya ngazi ni kuiimba polepole kwa "nu", kwa sauti ndogo, ukiwaambia washuke kwa kubana. Dawa ya noti inayorudiwa ni kuifikiria kila mara kuwa juu zaidi ya iliyotangulia. Dawa ya pumzi ni kupanga nani anavuta wapi, ili wasivute wote pamoja. Ikiwa yote yamefanyika na bado mnashuka, badilisha ufunguo: wimbo unaoanguka kwenye G mara nyingi unasimama wenyewe kwenye A bemoli, nusu hatua juu yake. Kuna funguo zinazoangukia pale sauti za watu zinapobadilika, na hakuna mazoezi yatakayolimaliza hilo ndani ya miezi mitatu.

(Mpiga kinanda akitumia kitufe cha kuhamisha ufunguo, akirudishe sifuri baada ya kila wimbo. Nasema tu.)

Nyimbo zenye ngoma zina tatizo la kinyume: zinakimbia. Mpiga ngoma ana furaha, wachezaji wana furaha, na ubeti wa mwisho hakuna anayetamka neno likasikika. Mpe mpiga ngoma mazoezi yake na kiongozi wa sauti ya nne peke yao. Hao wawili wakishikana, wengine watafuata.

Mahudhurio yaandikwe kila wiki na yasomwe. Kwaya nyingi zina faini ya mchelewaji. Mimi siipendi, kwa sababu anayechelewa kwa kukosa nauli ukimtoza atakosa na wiki ijayo. Kanuni iliyo bora: aliyekosa mazoezi matatu ya mwisho kabla ya onesho haimbi onesho hilo, awe nani. Anakuja, anasaidia mlangoni, anavaa sare. Itangaze mwezi wa nne, kabla haijamhusu mtu yeyote mwenye jina.

Makaratasi

Kikundi cha sanaa kinasajiliwa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Andaeni katiba fupi, majina ya viongozi, muhtasari wa kikao cha kwanza na barua ya utambulisho kutoka Serikali ya Mtaa. Kwa kila onesho la hadhara, anzeni wiki sita kabla kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri ambako ukumbi upo. Angalieni vizuri ni ipi: Kinondoni, Temeke, Ubungo, Kigamboni, au Jiji la Dar es Salaam, ambalo tangu mwaka 2021 ndilo iliyokuwa Ilala. Barua ya taarifa iende polisi pia. Onesho la nje lenye spika lina suala la kelele, na NEMC, baraza la mazingira, hawana mzaha nalo, kwa hiyo fungeni mitambo mapema jioni.

Mkiuza tiketi, mwulizeni ofisa wa TRA mapema mnatakiwa kufanya nini. Ni rahisi kuuliza kuliko kuulizwa.

Fedha na sare

Tuseme kila mtu anatoa 5,000 kwa mwezi. Watu 36 ni 180,000, na kwa miezi tisa, Aprili hadi Desemba, ni 1,620,000. Usipange matumizi kwa namba hiyo. Robo ya watu hawatalipa kwa wakati, kwa hiyo namba yako ni 1,215,000, na kinachozidi kitakuwa baraka. Akaunti iwe ya kikundi, watia saini watatu, na wawili watoshe kutoa. Michango ipite kwenye lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la kikundi. Simu ya mweka hazina si benki, hata akiwa malaika.

Asiyeweza kutoa 5,000 azungumze na katibu faragha, atoe anachoweza au afanye kazi fulani. Majina ya wadaiwa yasibandikwe kwenye grupu. Ukimwaibisha mtu kwa elfu tano, umempoteza yeye, mdogo wake na tiketi nne ambazo angeuza.

Sare zinavunja kwaya kuliko nyimbo. Kwa mwaka wa kwanza, sketi au suruali nyeusi ambayo kila mtu anayo, na kitenge kimoja cha juu. Nendeni Kariakoo watatu, asubuhi ya siku ya kazi, mmoja awe fundi cherehani au mtu anayejua kitambaa. Nunueni vyote siku moja, duka moja, kutoka jora zenye rangi ileile. Ukisema wengine watanunua wiki ijayo, rangi itatofautiana kidogo, na tofauti ndogo jukwaani chini ya taa inaonekana kuliko kubwa. Ongezeni vipande vitatu vya akiba kwa watakaojiunga. Fundi awe mmoja kwa wote, na sare zichukuliwe wiki mbili kabla ya onesho. Fundi wa Dar akikuambia Ijumaa, hakusema Ijumaa ipi.

Ukumbi na mitambo

Nendeni ukumbini na watu wanne, mmoja kwa kila sauti, muimbe. Piga makofi mara moja na usikilize. Kama mlio unakaa hewani sekunde mbili au zaidi, kama ilivyo kwenye makanisa makubwa ya kale ya mjini, Azania Front na Mtakatifu Joseph, nyimbo za polepole zitang'aa na za haraka zitakuwa uji. Hapo mitambo haihitajiki kabisa. Kama mlio unakufa papo hapo, ukumbi una mazulia na mapazia, sauti zitasikika wazi lakini kavu, na waimbaji watajiona wako peke yao: wasogezeni karibu karibu.

Angalieni juu. Paa la bati bila dari ni zuri mpaka mvua inyeshe. Hapo hata spika za disko hazitawasaidia. Angalieni feni, nyingine zina kelele kuliko sauti ya tatu yenu yote. Ulizeni kuhusu umeme: jenereta ipo, nani anaiwasha, mafuta ya nani?

Kwa kumbi za sanaa, ukumbi wa Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert ni wa kuulizia, na vituo vya utamaduni vya Upanga, Goethe-Institut na Alliance Française, hupokea maonesho ya namna hii. Nafasi Art Space kule Mikocheni ni pazuri kwa onesho la nje la Septemba. Ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu ni mkubwa. Msiuchukue mwaka wa kwanza. Watu 150 kwenye ukumbi wa 150 ni sherehe, watu 150 kwenye ukumbi mkubwa ni msiba. Wasikilizaji wenyewe wahesabuni hivi: kila mwanakwaya alete wanne, hao ni 144.

Fundi mitambo wa hapa amezoea harusi na Bongo Fleva. Atataka kuwagawia maiki mkononi, atafungua besi, ataweka mwangwi. Kaa naye mapema. Kwa kwaya ya watu 36, maiki nne kwenye stendi, mbele ya mstari wa kwanza kama mita moja na nusu, zimeinuliwa juu kidogo ya vichwa na kuelekezwa mstari wa nyuma, kwa sababu wa mbele watasikika tu. Moja ya ziada kwa anayeongoza wimbo peke yake. Spika zikae mbele ya maiki, zikiwaangalia wasikilizaji. Zikiwa nyuma, mluzi utaanza na hautaisha. Mwangwi sifuri. Ngoma haihitaji maiki. Na saa mbili kabla ya onesho imbeni nyimbo mbili kamili, wenye nguvu na wa kimya, wakati mtu wenu mwenye masikio ameketi kiti cha mwisho kabisa.

Siku yenyewe

Wanakwaya wafike saa 8 mchana. Wale wali mapema, wasile saa 9. Maji ya kawaida, ya baridi yaachwe hadi mwisho. Kupasha sauti dakika 15, kwa sauti ndogo. Wengi huimbia onesho lote kwenye mazoezi ya mwisho na kupanda jukwaani wamechoka.

Kuhusu mgeni rasmi: mkimwalika, mpeni dakika tano baada ya wimbo wa tatu, na msimsubiri. Onesho lililotangazwa saa 10:15 likianza saa 11:30 kwa sababu gari la mheshimiwa limekwama kwenye foleni ya Morocco, pale Kinondoni, wale 144 hawatarudi Septemba. Mwambieni msaidizi wake mapema kwamba onesho linaanza saa iliyoandikwa. Wengine wanawahi wakijua hivyo. Mshereheshaji naye apewe karatasi: jina la wimbo, kabila au mtunzi, sentensi mbili. Vichekesho vya harusi abaki navyo.

Mpangilio wa nyimbo: anzeni na mnaoujua hata usingizini. Mgumu uwekwe wa tatu au wa nne, pumzi zikiwa zimetulia na woga umetoka. Kabla ya mapumziko wekeni wa ngoma. Baada ya mapumziko rudini na wa kimya. Wa mwisho uwe ule ambao ukumbi utasimama wenyewe, na muwe na mmoja wa akiba mfukoni. Wakiomba tena, imbeni huo mmoja tu mshuke.

Atakayepiga video apangwe, asimame mahali pamoja, simu ikiwa imelala. Wengine wote wa kwaya simu zikae kwenye begi la katibu.

Wiki inayofuata

Jumapili baada ya onesho hakuna kuimba. Kaeni na soda. Mweka hazina asome mapato na matumizi kwa sauti, risiti zikipita mkononi, kila mtu aone. Kisha sikilizeni rekodi ya onesho lote mara moja bila maoni, na mara ya pili mwalimu akiandika: mstari gani ulishuka, neno gani halikusikika, wapi ngoma ilikimbia. Hayo ndiyo mazoezi ya wiki nne zinazofuata, kabla ya kuingiza nyimbo tatu mpya.

Baada ya onesho la Desemba, kusanyeni vitenge vyote vikiwa vimefuliwa na kupigwa pasi, viwekwe kwenye boksi moja la plastiki lenye mfuniko nyumbani kwa mtu asiyehama hama. Joto la kaskazi na unyevu wa pwani huwa vinatia ukungu nguo iliyofungwa ikiwa mbichi. Kinanda kitolewe betri, kifunikwe, kisikae sakafuni. Barua ya kuomba ukumbi wa Julai iandikwe kabla katibu hajasafiri.